Mkunga Aliyewatembeza Watu

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofanya kazi naye, poleni sana na msiba. Mimi ni mdogo wake marehemu, ninayemfuata, fundi cherehani, yule mnayemletea kitambaa Ijumaa mkataka gauni Jumamosi. Msimamizi wa ratiba ameninong'oneza niwe mfupi. Nitajaribu. Kamati ilikuwa imeandika wasifu mwingine, mzuri kwelikweli, umejaa maneno ya sherehe. Niliurudisha. Marehemu aliniita akiwa na fahamu zake zote akaniambia, "Siku hiyo usinirembe. Sema ilivyokuwa." Kwa hiyo nilio nao mkononi ndio huu.

Najua pia mnachosubiri. Tangu msiba uingie, hapa chini ya turubai hakuna mazungumzo mengine. Binti wa marehemu, naye mkunga kama mama yake, amepata kazi ng'ambo. Viza anayo, tiketi ni ya Alhamisi ya wiki ijayo. Je, aende au asiende? Mama yake alisema nini kabla ya kufa? Nitafika hapo, msininyooshee shingo. Ila tusizungukane: mimi sitaki aende. Nimemlea tangu ana miaka sita. Haya, nimeshasema. Sasa tuanze na kuzaliwa, kama inavyotakiwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa kwanza wa fundi mwashi na mke wake, mwenye duka la vitambaa. Hakusubiri kitanda. Mama alifika hospitali akaambiwa atembeetembee kidogo kwenye korido wakati kitanda kinatandikwa, baba akaenda kutafuta kiti. Baba aliporudi na kiti, mtoto alikuwa ameshafika, analia, na mfagiaji amemkinga kwa kanga. Mama alikuwa akituambia, "Huyu alizaliwa akiwa na haraka, na haraka yenyewe haijamwisha." Alitambaa mapema, alitembea mapema, na alipojua kufungua mlango ndipo amani ilipotoka nyumbani kwetu. Jirani mmoja alimwita Kiguu na Njia, jina likamganda. Sisi nyumbani tulimwita Kiguu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1976 akamaliza 1982. Akaendelea na sekondari mwaka 1983 hadi 1986. Kusoma alisoma, ila kukaa ndiko kulikomshinda. Mwalimu wa darasa la nne alimhamisha dawati mpaka madawati yakaisha. Mwisho akasema, "Mwacheni asimame huko nyuma, mradi anasikia." Akasoma amesimama mwaka mzima, ameegemea ukuta, na mtihani wa mwisho akawa wa pili darasani. Mwaka 1987 aliingia chuo cha uuguzi na ukunga, akahitimu Novemba 1990. Baba alinunua soda za mtaa mzima. Mimi nilimshonea sare yake ya kwanza, na nilikosea kiuno, lakini aliivaa hivyohivyo.

Januari 1991 aliajiriwa katika hospitali ya wilaya, wodi ya wazazi, akakaa hapo miaka kumi na minne. Wengi mlio hapa amewapokea kwa mikono yake, na wengine mliopokewa naye mmekaa nyuma kule mnachezea simu. Kazini alikuwa na namna yake. Mama mjamzito akishikwa na uchungu, marehemu hakumwacha alale. Alimshika kiunoni, mkono mmoja mbele na mmoja nyuma, wakaanza safari: mlangoni, dirishani, korido yote, kurudi. "Tembea, mama. Mtoto hashuki ukilala. Pumua. Toa taratibu. Usisukume bado." Kuna mama aliyemjibu, "Sista, mimi nimekuja kuzaa, sikuja matembezi." Marehemu akamwambia, "Basi tembea upesi tumalize." Wapo waliomtukana pale kwenye korido matusi ya kufunga mtaa, na siku ya pili wakampelekea uji.

Aliolewa tarehe 10 Desemba 1994 na dereva wa gari la wagonjwa wa hospitali hiyohiyo. Shemeji yangu yule pale, asiyependa kutajwa. Walikutana kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akileta akina mama, na dada ndiye aliyekuwa akiwashusha na kuwatembeza kabla hata mlango wa gari haujafungwa. Siku ya harusi, picha zote, bwana harusi ametoka vizuri na bibi harusi ametoka ukungu. Mpiga picha alilalamika, "Huyu hatulii!" Zipo sebuleni, mkapite mkazione.

Tarehe 2 Agosti 1998 walijaliwa binti, mmoja tu. Mtoto alikuwa kinyume cha mama yake kabisa. Ukimbeba, amebebeka; ukimweka, amekaa hapo. Akikupenda, anakushika mguu na huendi popote. Tukamwita Gundi.

Sasa hapa ndipo karatasi ya kamati iliponikera, na hapa ndipo marehemu alipotaka niseme. Kamati iliandika kwamba kuanzia mwaka 2005 marehemu "alikuwa mkunga mkuu katika hospitali kubwa ya wazazi ng'ambo kwa miaka kumi na saba." Hakuwa. Hakuzalisha mtoto hata mmoja kule. Ndiyo, nasikia minong'ono. Kaeni.

Ilikuwa hivi. Alianza kuiona korido ya wodi imekuwa fupi. Ni maneno yake mwenyewe. Akaja wakala, amevaa suti, akasema ng'ambo wanahitaji wakunga, wodi ina vyumba kila mama na chake. Dada hakulala tena. Tarehe 11 Februari 2005 tulimsindikiza uwanja wa ndege, na sare tatu nilizomshonea, safari hii kiuno nimekipata. Gundi aliushika mguu wa mama yake, ikabidi tumbandue kidole kimoja kimoja. Aliponyanyuliwa alihamia kwenye mguu wangu. Nilirudi nyumbani naye hivyohivyo, nachechemea, watu wananishangaa.

Kule alipelekwa kwenye nyumba kubwa yenye vyumba vingi na sakafu inayong'aa. Akavaa sare, akamuuliza msimamizi, "Chumba cha kujifungulia kiko wapi?" Msimamizi akamtazama. "Hapa mdogo kuliko wote ana miaka sabini na tisa." Ilikuwa nyumba ya kulelea wazee. Wakala alikuwa ameshazima simu. Na vyeti vyake vya ukunga, akaambiwa, kule havimfai mpaka asome upya na afanye mitihani yao. Akapewa aproni, akaanza kuogesha wazee na kuwabadilishia mashuka.

Jioni hiyo mama yetu alimpigia simu. Tulikuwa tumejazana sebuleni, simu iko juu ya meza, kila mtu amenyoosha sikio. Mama akauliza kwa sauti ya fahari, majirani wasikie, "Eeh, mwanangu, umezalisha wangapi leo?" Kisha dada akasema, "Watatu." Sebule nzima tukapiga makofi.

Basi, ndiyo ikawa hiyo. Kila simu ilianza na swali hilo, na kila swali lilitaka namba. Akasema wawili, akasema wanne, mara moja akasema mapacha na mama akatoa soda. Aliniambia baadaye, "Ningekuwa nimefiwa na mtu siku hiyo, bado mngeniuliza wangapi. Ningesema nini? Kwamba nimemkata bibi kucha?" Alifanya mitihani yao mara mbili, akafeli mara mbili, na kwetu alisema amepandishwa cheo. Mama alifariki mwaka 2015 akiamini hivyo. Dada alikuja kuzika, mkampokea kama waziri, mkamletea watoto awashike vichwa. Nakumbuka alivyokuwa akizungukazunguka uani siku ile, hakai, hali, anapanga viti vilivyokwisha kupangwa. Nikadhani ni uchungu wa mama.

Lakini msimhurumie kupita kiasi, maana hata kule mikono yake haikutulia. Palikuwa na mzee mmoja, mgawa barua mstaafu, miguu yake ilikuwa imezunguka mji ule maisha yake yote. Siku zake zilipokaribia, akawa hatulii. Anavuta shuka, anageuka, anataka kushuka kitandani. Wenzake dada walikuwa wanamrudisha, "Lala, mzee, lala." Dada akasimama mlangoni akamwangalia. Akaona kitu anachokijua. Mhangaiko ule alikuwa ameuona kwa akina mama miaka kumi na minne. Akamshusha, akamshika kiunoni, mkono mmoja mbele, mmoja nyuma, wakaanza: mlangoni, dirishani, korido. "Tembea, baba. Pumua. Toa taratibu." Mzee akatulia. Akakaa kwenye kiti karibu na dirisha, na hapo ndipo alipofia kesho yake mchana, hana wasiwasi. Dada akapewa onyo, kwa sababu mzee angeweza kuanguka. Na wallahi, angeweza.

Maana hakupatia kila mara. Wiki hiyohiyo, bibi mmoja mkali naye akaanza kuhangaika kitandani, anavuta shuka, anageuka. Dada akasema, haa, huyu naye safari imefika. Akamshusha, kiunoni, twende. Wakapita korido nzima, wakarudi, wakapita tena, dada anambembeleza, "Pumua, mama, toa taratibu," na bibi anamfinya mkono kwa kucha. Kumbe bibi alitaka choo. Na kila wakipita mbele ya mlango wa choo, dada anamgeuza! Marehemu alipotusimulia hilo siku zake za mwisho, kitandani kwake, alicheka mpaka tukamwinua akae, na mimi nilicheka mpaka nikamkasirikia, kwamba alikuwa na kichekesho kama hicho na akakaa nacho miaka yote hiyo peke yake.

Bibi yule aliishi mwaka mwingine mzima, wakawa marafiki wa kufinyana. Na siku zake za kweli zilipofika, hakukubali kushikwa na mtu mwingine. Siku hiyo ndiyo dada alitakiwa kwenda kwenye mtihani wa mara ya tatu. Hakwenda. Nilimuuliza kwa nini, nikiwa nimeudhika kweli, maana huo ndio ungemrudisha kwenye ukunga. Akanijibu, "Nilikuwa na mtu njiani." Ndivyo walivyozoea kusema wodini kwao mama anapokaribia kuzaa.

Baada ya hapo hakujaribu tena. Alihama nyumba ya wazee moja hadi nyingine, alihama vyumba vya kupanga, alilala kwenye vitanda vya kuazima kwa watu asiowajua vizuri. Nilimuuliza, "Kwa nini hukurudi, basi? Mtoto wako alikuwa hapa. Mume wako alikuwa hapa." Akaniambia, na hili ndilo alilotaka mlisikie: "Aibu. Kazi ile niliipenda mbele ya safari. Lakini kilichoniweka kule ni aibu. Ningerudi niseme nini, na ninyi mmeshapiga makofi?"

Alirudi tarehe 4 Juni 2022, kwa kusema amestaafu mapema. Nyumba ikawa haina raha. Sofa leo iko hapa, kesho iko kule. Shemeji aliporudi kazini alikuwa anagonga magoti kwenye meza ambayo asubuhi haikuwepo. Gundi wakati huo alikuwa ameshaanza kazi, wodi ileile ya mama yake, na marehemu akawa anamfuata, anazunguka nje ya mlango kama mtu aliyesahau kitu. Mwishowe muuguzi mkuu akachoka, akamwambia Gundi, "Mpe kazi huyo mama, ananitia kizunguzungu." Wakamruhusu kuwatembeza akina mama koridoni, kuwatembeza tu. Akina mama walimuuliza Gundi, "Sista, huyu mzee anayetukimbiza ni nani?" Gundi akawa anasema, "Ni mama yangu. Mvumilieni, ndivyo alivyozaliwa." Sijapata kumwona dada yangu na furaha kama miezi ile. Alikuwa anarudi jioni miguu imevimba na anaimba.

Mwezi Machi mwaka huu wa 2024 alianza kukonda na kushika tumbo. Tarehe 9 Mei vipimo vilionyesha saratani ya kongosho, na daktari alituambia ukweli bila kutuzungusha, tunamshukuru. Mwezi Agosti Gundi akapata barua ya kazi ng'ambo. Nyumba ikagawanyika. Baba mkubwa wake akasema mtoto afuate nyayo za mama yake, mkunga mkuu. Mimi nikasema mtoto hajafiwa bado na tayari mnampakia. Tulikuwa tunagombana sebuleni, sauti ziko juu, na marehemu akatoka chumbani ameshika ukuta. Akasema, "Nyamazeni. Hakuna nyayo. Kaeni niwaambie." Ndipo akatuambia ukweli huu mliousikia, mengine akaja kuyamalizia kitandani. Alikuwa amesimama muda wote. Shemeji yangu alimsikiliza mpaka mwisho, akanyanyuka, akamletea maji, akamwambia, "Miaka yote hiyo ulikuwa unachoka hivyo, na mimi nakuuliza habari za mapacha." Halafu akalia, na mimi nikatoka nje.

Siku ya mwisho, Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024, alianza kuvuta shuka tangu asubuhi. Anageuka, anataka kushuka. Nilimwambia, "Dada, lala." Gundi akanisogeza pembeni. Yule Gundi asiyebanduka, ndiye aliyemshusha mama yake kitandani. Akamshika kiunoni, mkono mmoja mbele, mmoja nyuma. Wakatembea polepole sana, mlangoni, dirishani. "Pumua, mama. Toa taratibu." Wakapita mbele ya sanduku la Gundi lililokuwa wazi kando ya ukuta, nusu limepangwa, nusu bado, kwa sababu mwenyewe alikuwa amekata tamaa ya kuondoka. Marehemu akasimama. Akalitazama. Akasema, "Nani amepanga hivi? Viatu juu ya nguo?"

Gundi akamwuliza mbele yangu, maana alitaka shahidi: "Mama, niende au nisiende?"

Akasema, "Hilo siwezi kukutembeza." Akapumua kwanza. "Ila ukienda, ukakuta si kazi uliyoambiwa, sema siku hiyohiyo. Hata kama ni kukata kucha, sema. Halafu ukitaka kubaki, ubaki. Ukitaka kurudi, urudi." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe. Akipiga simu, usimuulize amezalisha wangapi. Muulize amekula."

Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha. Gundi alikuwa amemshika mkono, mume wake amemshika wa pili, mimi nimeshika miguu, maana hakukuwa na pengine pa kushika. Alifariki hapo, mchana, ametulia.

Basi hayo ndiyo aliyoyasema. Mliotegemea amesema aende, hakusema. Mliotegemea amekataza, hakukataza. Na kwa vile yeye hakuamua, jana nilimuuliza mwenye safari. Nilitumaini atasema anabaki. Nilitumaini sana. Akaniambia, "Mama mdogo, nataka kwenda."

Kwa hiyo asubuhi hii nimelipanga sanduku upya, viatu chini, sare tatu juu. Alhamisi nitamsindikiza mimi mwenyewe. Nitalia, na msinishike. Lakini nawaomba, ninyi wote mlio hapa na wote mtakaokuwa sebuleni simu ikiita, na wewe baba mkubwa, nakutazama: mtu yeyote asimuulize mtoto huyu amezalisha wangapi. Muulizeni amekula. Muulizeni amelala. Kisha nyamazeni, mumwachie nafasi aseme.

Marehemu ameacha mume, dereva, ambaye ameshairudisha sofa mahali pake na anasema hapapendi. Binti mmoja, mkunga. Wadogo watatu, mimi na wadogo zangu wawili wa kiume. Na wapwa, majirani na akina mama wengi aliowatembeza. Ng'ambo ameacha wazee ambao hatuwajui, na pengine hawatajua kuwa ametangulia.

Apumzike kwa amani. Na akichoka kupumzika, basi, dada yangu, atembee kidogo.